Mlezi wa Mama

9 Februari

Mdogo wangu Fundi Redio,

“Mfumo wetu humrudishia mzazi uhuru wake kwa kumpunguzia mzigo wa maamuzi.” Sikuyatunga mimi maneno hayo. Yameandikwa kwenye ile karatasi yenye kung’aa uliyotuachia juu ya friji, chini ya picha ya bibi mwenye meno yote anayeichekea simu. Nimeyasoma mara nyingi kuliko yanavyostahili, na bado sielewi. Uhuru ulioondolewa maamuzi ni uhuru wa nini? Kiti nacho hakiamui chochote. Je, kiti kiko huru?

Lakini ngoja. Tumelelewa, hatuanzi ugomvi kabla ya salamu. Hamjambo huko? Wifi yangu hajambo, na yule binti yenu anayepiga simu akakata kabla sijasema neno? Shikamoo yako nimeshaipokea, marahaba, maana najua utaisahau.

Huku tuko salama. Mfereji wa bati uliokuwa ukitumwagia maji mlangoni umerekebishwa. Paka wa jirani kazaa ndani ya kabati letu la viatu, na Mama kakataa asihamishwe. Anasema alikuwa mkunga maisha yake yote, hajawahi kumfukuza mzazi wodini, na hataanza na paka. Mimi nasahihisha mitihani ya historia. Mwanafunzi mmoja kaandika kwamba wakoloni “walikuja na nia nzuri ila walikosa mawasiliano na wenyeji.” Nikakukumbuka wewe.

Utauliza kwa nini barua, watu wana simu. Kwa sababu simu zangu unazipokelea kwenye kikao, unanong’ona “Dada, nitakupigia,” hunipigii. Na nikipaza sauti humu ndani, Mama anasikia mpaka jikoni. Karatasi haina pa kubonyeza ukanikata. Karani wa shule ataituma pamoja na barua za ofisi, nawe jibu kwa njia hiyo hiyo.

Sasa jambo lenyewe. Ulipokuja likizo ulichukua simu ya Mama ukasema unaiweka sawa. Umeiweka sawa kweli. Pesa unazomtumia, na pensheni yake ya ukunga aliyoitolea jasho kabla wewe hujaota meno, zote sasa zinaingia kwenye programu ya kampuni yenu na kukatwakatwa kama kitambaa: mfuko wa chakula, mfuko wa dawa, mfuko wa bili, mfuko wa mengineyo. Akitaka kulipia kitu ambacho programu haikijui, simu inagoma, na ombi linakuja kwako.

Juzi tulikuwa duka la dawa. Mama alitaka dawa ya kuchua goti, poda, na ile sabuni ya maji isiyowasha ngozi. Foleni ilifika mlangoni. Akabonyeza. Simu ikatoa mlio wa kukaripia, na muuza dawa, mtu mwenye adabu zake, akainama kusoma.

“Bibi, inasema usubiri ruhusa ya mlezi.”

“Ya nani?”

“Mlezi wako. Hapa wewe umeandikwa mtegemezi.”

Nyuma yetu mtu akasema, “Jamani, huyo mlezi si apigiwe? Tuna wagonjwa nyumbani.”

Mama akauliza, taratibu kabisa, “Huyo mlezi kaandikwa jina?”

Muuza dawa akalisoma jina lako.

“Huyo,” Mama akasema, “ni kitinda mimba wangu. Alitanguliza miguu. Nilidhani nimemlea mimi.”

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Aliacha vitu vyote juu ya kaunta, akafunga mkoba wake, akatoka. Ruhusa yako ilifika tukiwa tumeshavua viatu nyumbani: “Ombi limekubaliwa.” Ahsante sana, baba mzazi.

Ondoa kitu hicho kwenye simu yake. Sikushauri. Nakwambia.

Dada yako


2 Machi

Dada Hoja,

Shikamoo. Umeona? Sijaisahau.

Huku hatujambo. Mwanangu kang’oka jino la mbele, sasa akiongea anapiga mluzi, na anakusalimia kwa mluzi. Wifi yako anasoma jioni baada ya kazi, kwa hiyo mpishi ni mimi, usiulize matokeo. Tumehamia ofisi mpya. Kuna meza moja ndefu ya vioo, wote tunakaa hapo bila kuta, hata bosi. Barua yako ilikaa kwa mlinzi wa chini muda mrefu kwa sababu hakuna aliyeamini kwamba bado kuna mtu anapokea barua. Nimeisoma mezani, na wenzangu walidhani nimeshtakiwa.

Kuhusu duka la dawa, naomba radhi kwa Mama. Nilikuwa kwenye kikao, simu nimeigeuza kifudifudi. Neno “mlezi” sikulichagua peke yangu, lilipendekezwa na wengi tukalikubali. Tulitaka neno lenye upendo.

Lakini Dada, unanigombeza kama vile nimefanya haya kwa kukosa kazi. Jirani yetu wa mezani, anayetengeneza picha za programu, baba yake alipigiwa simu na mtu akajiita mhudumu wa wateja. Sauti nzuri, anamjua mzee kwa jina, anajua hata tarehe ya pensheni. “Mzee wangu, tunahakiki tu laini yako, nitajie zile namba zilizoingia kwa ujumbe.” Akazitaja. Kila kitu kikaondoka. Yule mzee hapokei tena simu ya mtu yeyote, hata ya mwanawe. Anaiona inaita, anaifunika na mto. Ninyi mna historia yenu vitabuni, mimi nina hiyo.

Na hapa nifike kwenye jambo ambalo sikutaka kuliandika. Kuna namba moja Mama anaitumia pesa kila wiki, nami nilikuwa nikibonyeza ruhusa bila kuisoma. Haimo kwenye majina aliyohifadhi. Si ya duka, si ya ndugu. Nilimpigia nikamuuliza kwa upole, “Mama, hii namba ya nani?” Akasema, “Mambo yangu.” Nikauliza tena. Akasema, “Paka ananiita,” akakata. Dada, hivyo ndivyo wanavyosema watu waliokwishanaswa. Wanaambiwa wasimwambie mtu.

Nimeifungia namba hiyo. Nimeifungia kwa sababu nampenda. Tafadhali wewe uliye naye humo ndani, muulize tu ni nani. Ukinijibu, tunamaliza.

Mdogo wako


17 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mluzi umefika. Mwambie huyo mwenye pengo kwamba paka wetu wako wanne na mmoja ana jina lake.

Shule imefungwa kwa wiki moja, bati limekauka, mimi nimepata miwani mpya ambayo inanionyesha vumbi nililokuwa naishi nalo kwa amani. Mama hajambo, ingawa amekuwa mkimya. Hataki wageni. Rafiki yake mmoja wa zamani wa wodini alikuja, Mama akamsemesha kupitia dirishani, akisema ana mafua, na mafua sikuyaona. Amekuwa mtu wa poda na manukato, anajipulizia mpaka mimi napiga chafya. Jioni anakaa kile kiti cha pembeni badala ya kukaa nami kwenye kochi. Nadhani amekasirika. Ana haki.

Unataka nimuulize. Simuulizi.

Sikiliza, na usiruke mistari kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu nilivyokupa. Umesimulia habari ya mzee aliyeibiwa. Imeniuma, na mwizi huyo akamatwe, afungwe. Lakini wewe umeshindwa kumkamata mwizi, ukaamua kumfunga aliyeibiwa. Nimefundisha historia muda mrefu kiasi cha kuchoka na mbinu hii. Hakuna aliyewahi kuchukua funguo za nyumba ya mtu akasema anachukua kwa ubaya. Siku zote ni ulinzi, kwamba huko nje ni hatari na ninyi hamjui mambo haya, tukae nazo sisi. Funguo zikishahama mfuko, mwenye nyumba anaanza kuulizwa anakwenda wapi.

Ungeweza kumfundisha Mama kwamba namba za siri hazitajwi kwenye simu. Unajua ingechukua muda gani? Chai moja. Huyu ni mtu aliyekuwa akipima dawa kwa macho taa zikiwa zimezimika, mwanamke anapiga kelele na daktari hayupo. Hajawahi kumpa mgonjwa dozi ya mwingine. Leo unampimia wewe, kwa kidole gumba, katikati ya kikao, kama anaruhusiwa kununua poda.

Nina pendekezo. Wiki moja tu, tugeuze. Pesa zako ziwe chini ya Mama. Ukitaka kahawa, simu ya Mama ilie huku, na wewe usimame kaunta na kikombe mkononi, wenzako wa meza ya vioo nyuma yako kwenye foleni, mpaka Mama amalize kuwapa paka maziwa. Ukitaka kumnunulia mkeo zawadi, Mama aulize, “Ya nini? Mbona mwezi uliopita ulinunua?” Ukisema ni mambo yako, afunge. Ukubali hilo, nami nitakubali hoja zako zote.

Hutaki, sivyo? Nilidhani hivyo.

Ifungulie namba hiyo. Si kwa sababu ninajua ni ya nani. Sijui. Ifungulie kwa sababu sijui, wala wewe hujui, na hatupaswi kujua.

Dada yako


6 Aprili

Dada,

Shikamoo. Hatujambo, tunashukuru.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na pendekezo lako nimelisoma kwa sauti mezani. Walicheka sana. Bosi akasema tumwajiri huyo dada.

Sikatai kwamba una maneno. Hujawahi kukosa. Lakini hujanijibu swali moja dogo nililouliza. Ni mtu gani anayepokea pesa za Mama kila wiki? Unaishi naye, mnakula meza moja, na hujui. Mimi niliye mbali ndiye niliyeiona namba hiyo. Sasa nani anamwangalia Mama, mimi au wewe?

Kwa taarifa yako mfumo unamsaidia. Matumizi yake yametulia sana tangu nifunge ile namba, mstari umenyooka. Tuliuonyesha ukutani kwenye kikao cha wawekezaji, bila jina lake, kama mtumiaji wa mfano. Watu walipiga makofi. Nilitamani angekuwepo aone.

Niambie ni nani, nafungua siku hiyo hiyo. Sharti langu ni hilo tu.

Mdogo wako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote.

Mama ameanguka bafuni. Usipande gari, usilie, soma kwanza. Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika, amefungwa plasta, yuko nyumbani, anakula, anabishana na daktari kwa simu. Kichwa ni kizima. Mimi nilikuwa shuleni. Aliyemkuta ni jirani, mwenye paka, aliyesikia kitu kikigonga ndoo.

Usiku ule nilimlisha kwa kijiko, na katikati ya uji akaniambia mwenyewe, bila kuulizwa, ile namba ni ya nani na pesa zilikuwa za nini. Kwa hiyo sasa ninajua, nawe hujui.

Sikwambii.

Nakuona unavyoinuka kwenye kiti. Kaa. Ningekwambia, ungefungua dakika hiyo, tena ungelia, nami ningekuwa nimeshinda. Nimekaa na kalamu hii muda mrefu nikitamani ushindi huo. Lakini Mama ameniomba nisiseme. Na hata asingeniomba, ungekuwa umefungua kwa sababu umeridhika na maelezo. Kesho angetaka jambo jingine, ungeomba maelezo mengine. Sitaki ufungue kwa kuridhika. Nataka ufungue kwa sababu pesa ni zake.

Huo mstari wenu ulionyooka ukutani, ule wa makofi, nenda kautazame tena. Ninajua sasa ulinyooka kwa sababu gani, na ninakuapia mdogo wangu, ningekuwepo kwenye kikao hicho ningeuvunja ule ukuta.

Sharti langu nami ni moja. Fungua bila kuambiwa.

Dada yako


11 Mei

Dada yangu,

Shikamoo.

Nimeongea na Mama kwa simu, unajua. Aliniambia hajambo mara nyingi mfululizo mpaka nikajua hajambo kwa nguvu. Nilimuuliza mkono unauma? Akasema, “Ule mwingine hauumi.” Mke wangu amemfumia sweta yenye mkono mmoja mpana, ipite kwenye plasta. Itafika na barua hii.

Nilikukasirikia sana. Nilisema huyu anacheza na afya ya Mama ili ashinde mjadala. Nikafanya jambo ambalo sasa nalionea haya. Niliipiga ile namba.

Akapokea mwanamke, sauti ya mtu mzima, nyuma yake maji yanamwagika.

“Nani mwenzangu?”

Nikajitambulisha. Akasema, “Ahaa! Wewe ndiye mlezi?” Akaangua kicheko, Dada, kicheko cha mtu aliyesimuliwa habari zangu zote.

“Samahani mama,” nikasema, “ningependa kujua unamfanyia nini mama yangu.”

“Kazi.”

“Kazi gani?”

“Kazi ambayo wewe huwezi.”

“Lakini mimi ndiye ninaye…”

“Unaye nini? Muulize mama yako. Akinyamaza, na wewe nyamaza. Mimi nina ndoo kwenye bomba.” Akakata.

Nilikaa ngazini nje ya ofisi. Yule si mwizi. Mwizi angenibembeleza. Nikaifungulia ile namba pale pale ngazini, bila kuambiwa, kama ulivyotaka. Nikasema basi, nimalize kabisa, nijiondoe nisiwe mlezi wa mtu.

Sasa sikiliza ujinga. Nikaingia kwenye ukurasa wa “Sitisha ulezi.” Programu ikaniuliza sababu. Kuna vitufe viwili tu. Cha kwanza, “Namkabidhi mlezi mwingine.” Cha pili, “Mtegemezi amefariki.” Hakuna kingine. Nikapanda, nikashuka, nikadhani skrini yangu mbovu. Dada, ukurasa ule niliupanga mimi. Kwa mikono yangu, mwaka jana, nikapongezwa kwamba ni mfupi na hauchoshi. Haikunijia, wala haikumjia yeyote kwenye meza ile, kwamba mzazi anaweza kutoka akiwa hai.

Nimemwambia bosi. Amesema wanaotaka kutoka ni wachache, tutalitazama baadaye, sasa hivi tuna kazi ya kuongeza wanaoingia. Kitufe cha kufariki siwezi kukibonyeza. Nilikiwekea kidole nikakiondoa kama kina moto. Kimebaki cha kwanza. Nakuomba ukubali nikukabidhi wewe. Utabonyeza “ndiyo” kila ombi likija, basi, yaishe.

Na kama Mama akiona inafaa, aniambie. Kama hafikirii hivyo, asiniambie.

Mdogo wako


29 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, tena marahaba ya moyo. Sweta imefika. Mama ameivaa juu ya gauni la kulalia, ameketi nayo jua lilipo, na mtoto mmoja wa paka amejichimbia ndani ya mkono ule mpana. Mwambie wifi amepata wateja wawili kwa sweta moja. Mwambie mwenye pengo kwamba paka mwenye jina lake ndiye mwizi wa samaki humu ndani. Plasta inatoka wiki ijayo. Mimi nimemaliza mitihani, na yule mwanafunzi wa “nia nzuri” nimempa nafasi ya kuandika upya.

Ulezi nakataa. Nimeusoma mstari wako mara tatu nikitafuta kama ni utani. Mimi nimlee Mama? Nisimame kwenye mlango wa mkoba wake nikiitikia “ndiyo, ndiyo, ndiyo”? Anayeweza kusema ndiyo ameshapewa uwezo wa kusema hapana, na mimi nina hasira za karibu, unanijua. Siku moja tutagombana kuhusu paka, na kidole changu kitakuwa juu ya pensheni yake. Sitaki ufunguo huo hata uwe wa dhahabu.

Mama naye hakusubiri tumalize kubishana. Tulikwenda wote, plasta kwenye kitambaa shingoni, mpaka duka la simu, akanunua laini mpya kwa jina lake. Kisha ofisi ya pensheni. Karani akamuuliza, “Bibi, huna mtu wa kukusimamia?” Mama naye akamuuliza, “Wewe ulizaliwa hospitali gani?” Akaitaja. “Wodi ya uzazi ina milango miwili. Mama yako alipitia upi, wa mbele au ule wa nyuma wa usiku?” Yule karani akajibu hajui. “Basi huenda mimi najua,” Mama akasema. “Nipe fomu.” Alisaini kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama zimelewa, lakini ni zake. Pensheni sasa inaingia huko.

Na ameamua uambiwe. Nilimuuliza kama ana hakika. Akasema, “Alifungua bila kujua. Sasa anaweza kujua.” Akaniambia niandike kama anavyosema, nisipambe. Haya ni yake:

“Mwanangu, kile kizingiti cha bafuni alichojenga baba yenu ili maji yasitoke, mguu wangu haukivuki tangu mvua zilizopita. Nimeosha watoto wa watu kwa mikono hii, siwezi kuwahesabu, na mama zao pia. Sikutaka kuoshwa na wangu. Dada yako angeniosha, najua, na angeniosha vizuri, lakini angeniangalia kwa macho yale. Kwa hiyo nikamtafuta yule mama aliyekuwa mhudumu wa wodi yangu. Alikuwa anakuja wakati dada yako yuko shuleni. Ananiosha, ananipaka, tunacheka mambo ya wodini, namlipa, anakwenda. Mtu ukimlipa hakuonei huruma. Ulipofunga, nilimwambia asije, kwa sababu sikuwa na cha kumpa na sikutaka aje bure. Nikajipaka poda. Poda ilipoisha nikasema nitajaribu mwenyewe. Ndiyo hivyo. Usilie sana. Na wewe Fundi Redio, ulipokuwa mdogo ukifungua redio na kuifunga, kila mara ilibaki skrubu moja mezani, nawe ukisema haina kazi. Zamu hii skrubu iliyobaki ni mimi.”

Ameishia hapo. Mhudumu amerudi, na hivi ninavyoandika nawasikia huko bafuni, maji yanamwagika na wanamcheka daktari fulani wa zamani aliyeogopa damu. Niko sebuleni na sitaingia. Mafundi wamevunja kizingiti, wameweka mteremko na mshikio ukutani. Mama amelipia mwenyewe.

Nilikuwa humu ndani, mdogo wangu, nikipiga chafya kwa manukato na kuandika juu ya uhuru. Kwa hiyo usidhani hasira hii yote ni yako peke yako. Lakini iliyo yako ni hii.

Zile pesa zilizobaki kwenye akaunti ya zamani, za Mama, haziwezi kutoka mpaka ubonyeze kimoja kati ya vitufe vyako viwili. Mama anasema bonyeza cha pili. “Mwambie aniue tu. Sitakuwa wa kwanza kufa ofisini nikala nyumbani.” Anacheka akisema hivyo. Mimi sicheki. Nataka ubonyeze wewe, si mwenzako, kwa kidole kile kile cha kikaoni, na uisome sentensi yote itakayokuja baada ya hapo, ile ya pole mtakayokuwa mmeitunga. Kisha umtumie Mama pesa zake kwenye laini mpya.

Na ukimaliza, chukua barua hii uende nayo kwenye ile meza ndefu. Usiwasimulie. Wasomee, kama ulivyowasomea ile iliyowachekesha. Kutoka hapa nasema nao.

Ninyi mliokaa kwenye vioo. Wewe bosi uliyetaka kuniajiri, nakubali kazi kwa dakika hizi chache, bila mshahara. Wewe mchoraji wa picha ambaye baba yako anaifunika simu na mto: nenda kwake, ukae naye, umfundishe ni nini asichopaswa kutaja, kisha umrudishie pesa zake akae nazo mwenyewe. Nanyi mliopiga makofi mlipoonyeshwa mstari ulionyooka: ule ulikuwa mwili wa mwanamke ambao haujaoshwa. Mstari wa mtu aliye hai hupanda na kushuka, kwa sababu ana mambo yake. Mnapouona umenyooka, shtukeni, msipige makofi.

Mnasema wanaotaka kutoka ni wachache. Mtawahesabuje, ikiwa mlango pekee mliowawekea ni wa kaburini?

Sitaki mniombe radhi, wala msimtumie Mama maua. Nataka mwache kazi ya kuongeza wanaoingia, leo, kabla hamjanyanyuka kwenye viti hivyo, na muweke kitufe cha tatu. Kiwe juu ya vile viwili, kikubwa kuliko vyote, kibonyezwe na mzazi mwenyewe bila kumwomba mtu. Na msikae kupigia kura maneno, nimeshawaandikia: “Niko hai, na pesa ni zangu.”

Dada yake